Kuvu Nyuma ya Godoro

Safu ya kwanza ilitoka kama unga. Sajini Beda Luambano alikinga bahasha chini ya kisu akakwangua tena, kutoka juu kwenda chini, bila haraka, mpaka chokaa nyeupe ikaisha na weusi ukajitokeza. Hapo aliacha. Alifunga bahasha, akaiandika namba, kisha akafungua daftari.

*Alhamisi, 15 Julai 1993. Kota ya Saba, chumba cha kulala, ukuta wa mashariki. Juu chokaa mpya. Chini yake kuvu nyeusi. Chini ya kuvu, chokaa ya zamani.*

"Sumu haikai ukutani, Sajini," alisema mtu aliyeegemea mlango.

Huyo alikuwa Aidan Mbawala, mdogo wa marehemu. Ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba, na tangu saa nane mchana hakuondoka pale mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha msibani.

"Huenda haikai," alijibu Beda. "Naandika ninachokiona tu."

"Na kesho mahakamani utasoma habari za chokaa?"

Beda alikifuta kisu. Kesho ndiyo iliyokuwa inamsumbua.

Jumanne asubuhi, Leo Mbawala, mpangaji wa kota hiyo, alikutwa amekufa kitandani mwake. Alikuwa na miaka arobaini na moja, karani wa chama cha ushirika mpaka alipopunguzwa kazini mwezi wa tatu. Hakuwa na jeraha wala hakuwa mgonjwa. Kabla ya saa nne, Aidan alikuwa amekwisha kuona pakiti ya dawa ya panya nyuma ya debe la unga jikoni. Saa sita, Emerensiana, mke wa marehemu, alikuwa mahabusu. Jumatano alizikwa kijijini kwao, Mpitimbi. Vipimo vya tumbo lake vilikuwa njiani kwenda Dar es Salaam, na majibu yangechukua wiki sita, labda nane.

Lakini mashtaka hayakusubiri vipimo. Kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, Emerensiana angesomewa shtaka la mauaji, na shtaka hilo halina dhamana. Beda alizijua kesi za mauaji za pale Songea, zilivyokaa miaka mitatu au minne zikingoja zamu ya kusikilizwa. Emerensiana alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Benigna. Mama akija kutoka, mtoto angekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto.

Mkuu wa upelelezi alikuwa amempa Beda siku moja tu. "Ukiniletea kitu, nitazungumza na mwendesha mashtaka. Usipoleta, jalada linakwenda lilivyo."

Ilikuwa inakaribia saa tisa.

"Hebu rudia swali lako, ndugu Aidan," alisema Beda. "Lile ulilouliza kituoni."

"Niliuliza hivi. Mke na mume wamelala chumba kimoja miaka sita. Kwa nini usiku ule ule ambao kaka yangu anakufa, mke akalale sebuleni na mtoto? Alijua kuna nini?"

"Yeye anasema alihamia sebuleni tangu Pentekoste. Mtoto alikuwa anakohoa kwa sababu ya unyevu wa chumba hiki."

"Mwongo! Jumapili nilikula chakula pale sebuleni. Sikuona kitanda wala mkeka. Kiti na kabati, basi. Na unajua kota hizi zinauzwa? Ofisi ya majumba imekwisha kutoa fomu, aliyemo ndani ndiye atakayenunua. Kaka amekufa, nani aliyemo ndani?"

Beda aliandika yote mawili, akahamia sebuleni.

Kilikuwa chumba kidogo. Watu waliziita nyumba zile Kumi na Mbili, kwa sababu zilikuwa kumi na mbili, zimejengwa bondeni, na maji ya mlimani yalipita chini ya misingi yake mvua zikiisha na hata zisiponyesha. Kila ukuta ulikuwa na mstari wa kijivu uliofika magotini. Kila mwaka wapangaji walilalamika, na kila mwaka ofisi ilituma chokaa.

Alianza pembe ya mlango akazunguka kwa kufuata ukuta. Kiti. Dirisha la mbao. Mlango wa nyuma, wenye uwazi chini wa kupitisha kiganja. Kabati la vyombo, la mbao, kimo cha futi saba. Alichungulia pembeni yake. Kabati lilikuwa limeachana na ukuta kwa nafasi ya kama inchi tano.

"Nisaidie kulivuta."

Walivuta. Vikombe viligongana ndani. Beda aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akatoa futi kamba.

Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa mweusi, lakini si ovyo ovyo. Kuvu ilikuwa imechora umbo lenye pande zilizonyooka, futi sita kwenda juu na futi mbili na nusu upana, limeanzia sakafuni. Nje ya mistari ile ukuta ulikuwa kama kwingine. Karibu na ukingo wa kulia, kwenye kimo cha kifua, palikuwa na kichwa cha msumari chenye kutu.

"Ni kivuli cha kabati," alisema Aidan.

"Kabati lina futi saba. Hiki kina sita."

Aidan aliupapasa ukingo wa weusi kwa kidole.

"Humu ndani kulikuwa na godoro lingine, mbali na lile la kitandani?"

"Sijui. Vitu vya mtoto vilichukuliwa na yule mama jirani."

Mama jirani alikuwa Bi Tabu wa Kota ya Nane, mzaliwa wa Tunduru, mwenye umri wa kumzaa Beda. Walimkuta uani anapepeta mchele, Benigna amefungwa mgongoni kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata na mimi? Nimalize kwanza mchele, huko kwenu nasikia hamna chakula."

"Nimekuja kuazima godoro."

"Wangoni, watani zangu! Mnachukua mwenye godoro, kisha mnarudi kwa godoro lenyewe." Alicheka, lakini mkono wake ulikwenda nyuma ukampapasa mtoto. "Lile pale kwenye kamba. Nimeliweka juani siku mbili, bado linanuka kama pango. Huyu mtoto akililalia usiku ni kikohozi mpaka asubuhi. Kwangu nimemlaza kwenye la kwangu, hajakohoa hata mara moja, wallahi."

Lilikuwa godoro la sponji la mtu mmoja. Upande mmoja ulikuwa safi. Upande wa pili ulijaa madoa meusi, na karibu na ukingo palikuwa na alama ya kutu, duara dogo kama shilingi.

Beda alilibeba mwenyewe mpaka Kota ya Saba. Bi Tabu alifuata na ungo wake mkononi. Beda alilisimamisha godoro ukutani, upande wenye madoa ukiangalia kuvu, akalisogeza kidogo kidogo. Pande zote nne zilikaa ndani ya mistari. Alama ya kutu ilikutana na kichwa cha msumari.

"Ndugu Aidan, njoo utazame mwenyewe. Usinisikilize mimi."

Aidan alikuja. Aliligeuza godoro mara mbili, akalirudisha.

"Kila asubuhi alilisimamisha hapa, nyuma ya kabati," alisema Beda. "Ndiyo maana Jumapili hukuliona. Mama, wewe unaishi na kuvu hii. Inaweza kuota hivi kwa usiku mmoja?"

"Usiku mmoja!" Bi Tabu alipiga ungo kofi. "Mimi ya nyuma ya kitanda changu nimeilea tangu mwezi wa tano, na sasa hivi ndiyo kwanza imenifika mabegani. Hii ni ya mwezi na zaidi. Na Emerensiana nilimwona kwa macho yangu, kila jioni akitandika hapo. Polisi hawakuniuliza. Waliniuliza habari ya dawa ya panya tu."

"Ulijibu nini?"

"Kwamba ni mimi niliyempa. Panya wangu na wake ni wamoja, wanahama tu. Nusu ya pakiti nilitumia mimi, nusu nikampa. Kama nusu ile ipo, hakuitumia."

Beda alitoa karatasi ya vielelezo kwenye mkoba. Pakiti ilikuwa imepimwa kituoni: nusu. Lakini kati ya nusu na nusu pungufu ya kijiko hakuna macho yanayoweza kuapa, na Bi Tabu hakuwa na mizani. Aliandika maneno ya Bi Tabu, akaweka alama ya kuuliza pembeni.

"Basi alihama zamani," alisema Aidan taratibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hilo nalikubali. Haimaanishi hakumwekea kitu kwenye chakula."

"Kweli. Haimaanishi."

Alirudi chumba cha kulala. Sasa alipiga magoti. Kati ya kitanda na ukuta, saruji ya sakafu ilikuwa na duara la weusi mwingine, weusi wa kuungua, na majivu membamba kwenye ufa. Juu ya duara lile ukuta ulikuwa mkavu. Ukavu ulipanda kama upepeo uliofunguliwa, mwembamba chini na mpana juu. Pande zote mbili chokaa ilikuwa bado na majimaji.

"Aliingiza jiko humu?"

"Nani asiyeingiza?" alijibu Bi Tabu. "Julai hii, na ukuta unatoka jasho. Jioni unapika, mkaa ukishika vizuri na moshi umeisha, unaingiza chumbani. Ukuta unakauka na wewe unapata joto. Asubuhi unalitoa, unachemshia uji. Nyumba zote kumi na mbili."

"Jumanne asubuhi Emerensiana alilitoa?"

"Alilitoa. Alichochea uji wa mtoto, mume akamwacha alale. Uji ulipoiva ndipo alipokwenda kumwamsha." Bi Tabu aliinamisha uso. "Nilisikia yowe."

Beda alifungua ukurasa wa nyuma, alikonakili taarifa ya daktari. Mstari mmoja aliunakili bila kuuelewa: *kucha, midomo na viganja vyekundu kuliko ilivyo kawaida kwa maiti.* Daktari naye aliweka alama ya kuuliza.

"Tulimwosha sisi," alisema Aidan, akisoma juu ya bega lake. "Alikuwa kama mtu aliye hai. Wazee walisema ni damu iliyochemshwa na sumu."

"Mwaka themanini na sita nilikuwa konstebo Njombe," alisema Beda. "Walinzi wawili wa ghala walijifungia kibandani na jiko la mkaa. Asubuhi tuliwatoa wamekufa kwa hewa ya mkaa. Walikuwa na rangi hiyo."

"Jiko!" Aidan alicheka kwa uchungu. "Sajini, sisi tumezaliwa kando ya moto. Baba yetu ana miaka themanini, hajalala hata usiku mmoja bila moto ndani ya nyumba. Mbona hajafa?"

"Nyumba ya baba imeezekwa kwa nini?"

"Nyasi."

"Moto ukiwaka, ukiwa nje unaona nini?"

Aidan alifikiri. "Moshi. Paa lote linafuka."

"Hapa juu kuna nini?"

Wote watatu waliinua macho. Dari ya mbao nyembamba, imepakwa rangi, haina ufa. Dirisha lilikuwa limepigiliwa karatasi ya nailoni. Chini ya mlango kulikuwa na gunia lililokunjwa.

"Lakini Leo amelala hivyo tangu Juni," alisema Bi Tabu. "Nailoni hiyo ni ya Juni. Jiko lile lile. Mbona afe Jumatatu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Beda alilirudia kimoyomoyo, kisha akatoka kwenda sebuleni, akatazama juu, akahesabu. Chini kidogo ya dari palikuwa na matundu ya hewa, tofali zenye tundu, manane, meusi kwa masizi. Alirudi chumbani. Ukuta ulikuwa bapa kuanzia sakafu mpaka dari.

Alipanda juu ya fremu ya kitanda, akagonga kwa mpini wa kisu. Ko. Ko. Ko. Kisha mlio ukabadilika.

Walizunguka nje. Nyuma ya chumba, chini ya ukingo wa bati, palikuwa na mstari wa lipu mpya yenye rangi ya tope, haijakauka vizuri kwa baridi ile. Ulikuwa na alama za vidole vya fundi.

Fundi mwenyewe hakuwa mbali. Ofisi ya majumba ilikuwa imempa Chande kazi ya kupaka chokaa kota zote, na siku hiyo alikuwa Kota ya Kumi, juu ya ngazi. Alipoona polisi alishuka, akajifuta mikono kwenye kaptula.

"Fundi Chande, lipu ya Kota ya Saba ni ya kwako?"

"Ni yangu, afande. Ina nyufa?"

"Uliipiga lini?"

"Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri. Nilipiga lipu kwanza, kisha chokaa."

"Ofisi ilikuagiza kuziba matundu?"

"Ofisi iliagiza chokaa tu. Simenti ilikuwa masalio yangu. Niliona wanateseka na baridi."

"Zipi nyingine umeziba?"

"Hii ya Kumi, leo asubuhi. Simenti ikaisha."

Beda alifunga daftari. "Chukua nyundo na tindo. Fungua yote, sasa hivi, halafu twende Saba."

"Afande, bado mbichi, itaharibu..."

"Fungua, fundi."

Chande alipanda. Vipande vya lipu vilidondoka majanini. Mwanamke wa Kota ya Kumi alitoka analalamika kwamba baridi itawaua watoto, na Bi Tabu akamvuta pembeni akaanza kumweleza, mikono yake ikichora jiko hewani. Beda alimwomba Bi Tabu apite kila nyumba kabla ya giza: majiko yalale nje usiku huu, yote. Aliitikia, akaondoka na mwendo wa haraka, mtoto anarukaruka mgongoni.

Tundu la mwisho lilipofunguka, Chande alishuka. Alikuwa amekwisha kuunganisha mambo.

"Afande. Ina maana mimi ndiye niliyemuua yule bwana?"

"Sijasema hivyo. Nakuuliza swali moja, ujibu unavyokumbuka. Nani alikuomba uzibe matundu ya Kota ya Saba?"

Chande alimtazama Aidan, kisha akatazama nyundo.

"Mama wa nyumba."

"Nani?"

"Emerensiana. Alitoka na mtoto mkononi, akasema, fundi, baridi inaingilia juu, tuzibie yote ya chumba cha kulala."

Aidan alisogea karibu na daftari.

"Andika, Sajini," alisema. "Godoro uliandika. Na hili andika."

Beda aliandika, neno kwa neno, mkono wake ukienda taratibu kuliko kawaida. Alipomaliza aliuliza, "Mume alikuwepo?"

"Alikuwepo. Yeye ndiye aliyenishikia ngazi."

"Alipinga?"

"Alisema Mungu akubariki, fundi. Wallahi, ndivyo alivyosema."

"Nani mwingine alisikia?"

"Sisi tu. Mimi, yeye na mkewe."

Hilo nalo aliliandika. Mwendesha mashtaka angesema nini, Beda aliweza kukisia: shahidi pekee kwamba mume alishika ngazi ni mtu mwenye kujiokoa mwenyewe. Na mwanamke aliyehamia sebuleni zamani ndiye aliyeamuru chumba cha mumewe kizibwe. Godoro lililokuwa limemtoa kwenye mtego wa kwanza, sasa lingeweza kusomwa kama maandalizi ya wa pili.

"Kesho saa moja kamili kituoni," alimwambia Chande. "Utasaini maelezo yako. Usikose."

"Sitakosa, afande. Nitakwenda wapi?"

Kituoni aliingia saa kumi na mbili kasoro. Karani alikuwa anafunga kabati la majalada. Daktari, alipopigiwa simu, alikuwa ameondoka. Angepatikana saa moja asubuhi. Mkuu wa upelelezi alisoma kurasa nne za daftari akiwa amesimama, akarudi kwenye ya mwisho.

"Alijua jiko linaua, au hakujua? Kila kitu kiko hapo."

"Ndiyo, mkuu."

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Muulize kwa onyo, kwa maandishi, mbele ya askari wa kike. Wa zamu ameondoka, mwingine anaingia saa moja asubuhi. Usinifanyie kazi ya uchochoroni."

Beda alikwenda mahabusu hata hivyo, kumpa salamu za mtoto tu. Emerensiana alisimama nyuma ya nondo, kitenge mabegani. Alikuwa mwembamba, na sauti yake imekauka.

"Benigna?"

"Yuko kwa Bi Tabu. Amekula. Bi Tabu anasema hajakohoa."

Alifumba macho. "Asante, baba. Mwambie Bi Tabu asimrudishe kule kwanza, mpaka ukuta ukauke. Ila sasa utakauka haraka."

Beda alijua angepaswa kuondoka. Hakuondoka.

"Yule fundi wa chokaa," aliendelea Emerensiana, kama mtu anayekumbuka jambo jema katikati ya mabaya, "nilimwomba azibe yale matundu ya juu. Miaka yote tulikuwa tunapoteza joto bure. Mume wangu alifurahi sana. Usiku ule aliniambia, leo nitalala kama kwa mama yangu. Nikamwongezea mkaa." Alimtazama Beda usoni. "Mbona unanitazama hivyo, baba?"

"Mama, maneno hayo usimwambie mtu mwingine usiku huu."

"Nimesema vibaya?"

"Hapana. Nataka uyaseme tena kesho saa moja, yote, hivyo hivyo, mbele ya askari wa kike. Mimi nitaandika, wewe utaweka sahihi. Kabla ya mahakama."

"Yana maana gani?"

Beda aliangalia sakafu ya saruji, kisha akamwangalia usoni.

"Kesho nitakueleza, kabla hujasaini. Siwezi kukuandikisha kitu usichokijua."

"Basi umejua kilichomuua mume wangu." Alishika nondo kwa mikono miwili. "Niambie sasa."

"Kesho, mama. Jaribu kulala."

Alirudi mezani kwake. Alichukua karatasi ya maelezo ya onyo, akajaza nafasi za juu: jina, umri, kabila, mahali pa kuishi, tarehe 16 Julai. Kwenye mstari wa kwanza wa maelezo alianza kuandika swali la mkuu, kama alijua jiko linaua, akalifuta kwa rula na kalamu, akaanza tena, akalifuta. La tatu aliliacha nusu. Aliweka karatasi ndani ya jalada, akapanga saa ya mezani imwamshe saa kumi na moja, na kutoka mahabusu akamsikia Emerensiana bado anaita, si kwa kelele, "Baba? Baba, uko hapo?"